MNUNUZI WA BUNDUKI KWA MARA YA KWANZA: AANZE NA HAJA YAKE, SI NA SILAHA

Wapo wananchi, na miongoni mwao watumishi wa Serikali, wanaouliza ni bunduki ya namna gani inayomfaa mtu ambaye hajapata kumiliki silaha. Mmoja ana shamba linaloharibiwa na tumbili na nguruwe mwitu. Mwengine ana duka na anahofia wezi. Wa tatu amewahi kuishi ng'ambo, amezoea kuona bunduki zikiuzwa madukani, na sasa amerudi nyumbani. Wengi wao huitaja bunduki ya nusu-otomatiki, ile inayojijaza yenyewe kila inapofyatuliwa, kwa kuwa ndiyo wanayoiona mara nyingi katika picha na katika mikono ya walinzi.

Makala hii inakusudia kuwaeleza wananchi hao bunduki hiyo ni kitu gani, hufanya kazi vipi, sheria na makubaliano ya nchi yanasemaje juu yake, na kwa nini mtu anayenunua silaha kwa mara ya kwanza katika kisiwa kama chetu atapata jibu tofauti na lile alilolitarajia. Maelezo haya hayachukui nafasi ya sheria, wala ya maelekezo ya Jeshi la Polisi, ambalo ndilo lenye dhamana ya kupokea na kuyachunguza maombi ya leseni za silaha.

BUNDUKI HII NI YA NAMNA GANI

Bunduki za mtutu wenye mifuo, yaani mistari ya ndani inayoizungusha risasi, hutofautiana kwa jinsi zinavyojaza risasi, na hapa tutaeleza makundi matatu.

Kundi la kwanza ni bunduki ya bolti. Kila mpigaji anapofyatua, hulazimika kuikokota bolti kwa mkono, ganda tupu likatoka na risasi nyengine ikaingia katika chemba. Asipofanya hivyo, bunduki hubaki na ganda tupu na haiwezi kupiga tena.

Kundi la pili ni nusu-otomatiki. Baruti inapowaka, hutoa gesi yenye nguvu nyingi. Katika bunduki nyingi za aina hii, sehemu ya gesi hiyo hupita katika tundu dogo la mtutu na kuisukuma bolti nyuma; nyengine hutumia msukumo wa risasi wenyewe. Ganda hutupwa nje, springi huirudisha bolti mbele, na risasi mpya huchukuliwa kutoka katika magazini. Mpigaji hakufanya chochote ila kufyatua mara moja, na bunduki iko tayari kwa mara ya pili. Kila akivuta kifyatulio hutoka risasi moja.

Kundi la tatu ni otomatiki, ambayo huendelea kutoa risasi kwa muda wote kifyatulio kilipobanwa. Hiyo ni silaha ya majeshi.

Nusu-otomatiki si chombo kipya. Jeshi la Marekani liliichagua M1 Garand, yenye risasi 8, mwaka 1936. Katika miaka ya 1950 mhandisi Eugene Stoner alibuni AR-15, ambayo baadaye ilizaa bunduki ya kijeshi ya M16, na nakala zake za nusu-otomatiki zikauzwa kwa raia wa Marekani. Aidha, zipo bunduki ndogo za aina hii zenye risasi za .22, kama vile Ruger 10/22 iliyoanza kuuzwa mwaka 1964. Kwa hiyo jina "nusu-otomatiki" hukusanya vitu vyenye nguvu zinazotofautiana sana, na mnunuzi asiyejua tofauti hizo anaweza kuomba kitu ambacho hakukikusudia.

KWA NINI MGENI WA SILAHA AJIHADHARI NAYO

Sifa inayowavutia watu katika bunduki hii, yaani kuwa tayari wakati wote, ndiyo inayoifanya iwe ya hatari kwa mtu asiyeizoea. Akishapiga mara moja, chemba huwa na risasi nyengine, hata kama yeye mwenyewe hakukusudia kupiga tena. Mkono uliotetemeka, mguu ulioteleza au kidole kilichosahauliwa juu ya kifyatulio hutosha kuitoa risasi ya pili.

Lipo kosa moja ambalo limewaua watu katika nchi nyingi. Mtu huchomoa magazini, akadhani bunduki sasa ni tupu, kumbe risasi moja imebaki katika chemba. Kuchomoa magazini hakuitoi risasi hiyo. Ni lazima magazini itolewe kwanza, kisha bolti ivutwe nyuma, risasi itoke, na chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole. Anayeugeuza mpangilio huo, akavuta bolti kabla ya kuchomoa magazini, hutoa risasi moja na kuingiza nyengine bila ya kujua.

Hali kadhalika, mashine hii ina sehemu nyingi zinazosogea. Masizi ya baruti, vumbi na kutu huifanya ikwame, na kuikwamua bunduki iliyokwama huku imejaa risasi ni kazi ya mtu aliyefunzwa. Hewa yetu ya bahari, yenye chumvi na unyevu, huiharibu upesi silaha isiyosafishwa.

KISIWA NA MASAFA YA RISASI

Ushauri mwingi juu ya kuchagua bunduki umeandikwa katika nchi zenye mbuga na milima isiyo na watu. Huko risasi iliyokosa shabaha inaweza kuanguka mahali ambapo hapana kiumbe. Kwetu mambo si hayo.

Unguja ina urefu wa kiasi cha kilomita 85 na upana usiozidi kilomita 40. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, sawa na watu zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba. Hata mashambani, nyuma ya migomba na mikarafuu kuna njia, kisima, chuo cha Kurani au nyumba ya jirani.

Sasa na tutazame masafa. Risasi ndogo ya .22, ambayo watu huidharau kwa udogo wake, inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Risasi ya .223, inayotumika katika bunduki nyingi za nusu-otomatiki, hutoka mtutuni kwa mwendo wa kiasi cha mita 900 kwa sekunde na inaweza kufika kilomita 3 hivi. Risasi kubwa ya .308 huenda mbali zaidi ya hapo. Kinyume chake, marisau madogo ya bunduki ya kuwindia ndege hupoteza nguvu na kuanguka ndani ya mita mia mbili au tatu.

Mwenye shamba la eka tatu anayemlenga tumbili juu ya mti kwa bunduki ya risasi, huku akiwa na anga nyuma ya shabaha yake, amefyatua juu ya shehia tatu au nne. Risasi ikimkosa tumbili haitoweki. Itashuka mahali, na katika kisiwa chenye watu wengi mahali hapo pana mwenyewe. Kwa nusu-otomatiki, atakuwa ameziachilia risasi tano kabla ya kutafakari ya kwanza imeangukia wapi.

SHERIA NA AHADI ZA NCHI

Silaha za raia katika nchi yetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Msingi wake ni kwamba kumiliki silaha si haki anayozaliwa nayo mtu wala bidhaa inayopatikana kwa fedha pekee. Ni ruhusa, hutolewa kwa leseni, kwa mtu aliyetajwa na kwa silaha iliyotajwa, na inaweza kuondolewa. Leseni ya mume si leseni ya mke, wala leseni ya baba haimhusu mwana.

Juu ya hapo, nchi imejifunga kwa makubaliano na majirani zake. Tarehe 21 Aprili, 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo ilianza kufanya kazi tarehe 5 Mei, 2006. Kifungu chake cha 3 kinazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao, pamoja na mengine, mambo haya kuhusu raia: kuzuia umiliki wa silaha ndogo usio na mipaka, kupiga marufuku kabisa raia kumiliki na kutumia silaha nyepesi, bunduki za rashasha, bunduki za otomatiki na za nusu-otomatiki, na kuziandikisha silaha zote za raia katika daftari moja la nchi.

Msomaji aone kwamba bunduki ya nusu-otomatiki imetajwa kwa jina lake, bega kwa bega na rashasha. Walioiandika Itifaki walikuwa wanatoka katika eneo lililokwisha kuona vita vya Rwanda, Burundi, Kongo, Somalia na Sudan, na walijua silaha za namna hii huvuka mipaka kwa majahazi na kwa mizigo ya magunia kuliko zinavyovuka kwa hati.

Kutokana na hayo, jibu kwa anayeuliza anunue nusu-otomatiki ipi ni kwamba asianze kwa kununua. Asitoe fedha, asitoe arubuni, asiagize kwa jamaa aliye ng'ambo, wala asilete sehemu yoyote ya silaha katika mzigo wake, kabla ya kupata ruhusa ya maandishi. Anayerudi kutoka Marekani au Ulaya ajue kwamba leseni ya huko haimruhusu kitu huku.

YALIYOWAKUTA WENZETU WA VISIWANI

Huenda mtu akadhani kuwa zuio hili ni hofu ya Serikali za Afrika peke yao. Visiwa vitatu vya mbali vimefika katika hukumu ile ile, kila kimoja kwa msiba wake.

Nchini Uingereza, tarehe 19 Agosti, 1987, mtu mmoja aliwaua watu 16 katika mji mdogo wa Hungerford. Silaha zake, ikiwemo bunduki ya nusu-otomatiki, alizimiliki kwa cheti halali. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo liliziondoa mikononi mwa raia bunduki za nusu-otomatiki, isipokuwa zile ndogo za .22.

Katika kisiwa cha Tasmania, ambacho ni jimbo la Australia, watu 35 waliuawa pahala paitwapo Port Arthur tarehe 28 Aprili, 1996. Haukupita nusu mwezi, tarehe 10 Mei, Serikali za majimbo yote zikakubaliana kuzizuia bunduki za nusu-otomatiki kwa raia wa kawaida na kumtaka kila mwombaji wa leseni aoneshe haja ya kweli. Serikali ilizinunua na kuziharibu silaha zipatazo 650,000.

New Zealand ilichelewa. Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Machi, 2019, waumini waliokusanyika kwa sala ya Ijumaa katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch walishambuliwa, na watu 51 wakapoteza maisha. Muuaji alikuwa na leseni ya kawaida. Bunduki zake za nusu-otomatiki alizinunua kihalali, na magazini kubwa alizozifunga ziliweza kununuliwa wakati huo bila ya leseni. Tarehe 10 Aprili, Bunge lilipitisha kwa kura 119 dhidi ya 1 sheria ya kuzipiga marufuku bunduki nyingi za aina hiyo. Silaha zaidi ya 50,000 zikarejeshwa kwa malipo, na mwaka 2023 daftari la kuziandikisha silaha zote likafunguliwa.

Nchi tatu hizo zina polisi wenye vyombo na mahakama zilizokamilika, na wananchi wao wana desturi ndefu ya uwindaji. Hata hivyo kila moja iliona kwamba silaha inayomwezesha mtu mmoja kupiga mara nyingi kwa muda mfupi haimpi mkulima faida inayolingana na hatari yake kwa wengine.

HAJA NI IPI HASA

Mwananchi anayefikiria kuomba silaha na ajiulize kwanza anataka kuitatua shida gani.

Ikiwa ni wanyama waharibifu, atazame njia zilizopo. Wasasi wetu huwawinda nguruwe kwa mbwa na nyavu tangu zama za wazee, na hawajahitaji bunduki ya magazini. Aidha, akumbuke kuwa si kila mnyama wa msituni anaruhusiwa kuuawa. Kima punju na paa nunga ni viumbe adimu wanaolindwa, na Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 inasimamia misitu na viumbe wake. Afisa wa misitu wa Wilaya aulizwe mwanzo.

Ikiwa ni hofu ya wezi, apime vyema. Tafiti nyingi zilizofanywa Marekani, ambako silaha za nyumbani ni nyingi, zimeonesha kwamba nyumba yenye bunduki ina hatari kubwa zaidi ya mtu wa nyumba hiyo kujiua au kuuawa. Kijana mwenye msongo, ugomvi wa mume na mke, mtoto mchunguzi: hawa wamo ndani ya nyumba kila siku, na mwizi huenda asije kabisa. Mlango madhubuti, taa, mlinzi na majirani wanaojuana humaliza haja ya watu wengi. Risasi ya bunduki, kwa upande wake, hupita ukuta wa udongo na hata wa matofali membamba ikamfikia aliyelala chumba cha pili.

Ikiwa ni mchezo wa shabaha, mahali pake ni katika uwanja ulioruhusiwa na chini ya msimamizi. Mwenye hamu na ajifunze huko kabla ya kufikiria kuwa na silaha yake mwenyewe.

Na ikiwa haja yenyewe ni fahari, basi amekwisha kujijibu.

ATAKAYERUHUSIWA: NAMNA YA KUCHAGUA

Mwombaji aliyeonekana ana haja ya kweli, na akapata ruhusa, azingatie yafuatayo.

Kwanza, achague silaha iliyo rahisi kuikagua. Bunduki ya marisau inayokunjwa katikati, ya mtutu mmoja au miwili, ndiyo mwalimu mwema wa mgeni. Ikikunjwa, chemba huonekana wazi, na mtu yeyote aliye karibu hujua kama ina kitu au ni tupu. Masafa yake mafupi yanafaa katika mashamba yetu.

Pili, silaha imwenee mwili. Kitako kirefu mno humfanya mpigaji aegemee nyuma na kuumia bega. Kifupi mno humpiga usoni. Aiweke begani na kulenga, ikiwa tupu, kabla ya kukubali.

Tatu, anunue kwa muuzaji mwenye leseni tu, na namba iliyochongwa katika silaha ilingane na ile iliyo katika hati, tarakimu kwa tarakimu. Silaha ambayo namba yake imekwanguliwa au kupigwa juu yake nyengine ni ya kupelekwa Polisi, si ya kununuliwa kwa bei nafuu.

Nne, silaha iliyotumika ikaguliwe na fundi anayetambuliwa. Mtutu uliokula kutu ndani, wenye vishimo au uliovimba unaweza kupasuka. Kwa mtu wa pwani, chuma kisichoshika kutu ni bora, japokuwa bei yake ni kubwa zaidi.

Tano, atengeneze hesabu kamili. Bei ya bunduki ni sehemu moja tu. Kuna ada ya leseni, mafunzo, kabati la chuma, risasi na matengenezo. Asiyeweza kununua kabati hawezi kununua bunduki.

KUITUNZA NYUMBANI

Bunduki ihifadhiwe tupu, katika kabati la chuma lililofungwa kwa kufuli na kukazwa ukutani. Risasi ziwekwe mahali pengine palipofungwa kwa ufunguo wake. Funguo zisitundikwe msumarini wala kufichwa chini ya godoro, kwani hakuna maficho ambayo watoto wa nyumba hawayajui.

Isihifadhiwe ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuleta kutu. Ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta ya silaha kila inapoguswa, kwa kuwa jasho la mkono lina chumvi, na katika miezi ya masika ikaguliwe mara kwa mara hata kama haikutumiwa.

Anayeishika aihesabu kuwa imejaa wakati wote, hata kama sasa hivi ameitazama. Asiuelekeze mtutu kwa kitu asichotaka kukiharibu. Kidole chake kibaki nje ya kifyatulio mpaka amekwisha kulenga na kuamua. Na kabla ya kuamua, ajue kilichopo nyuma ya shabaha yake. Akiwa hajui, asipige.

Silaha haiazimwi, haiwekwi rehani, wala hairithiwi kimya kimya. Mwenye silaha akifariki, jamaa waitoe taarifa kituo cha Polisi mapema na waisalimishe mpaka taratibu zikamilike. Ikipotea au kuibiwa, taarifa itolewe mara moja. Kuchelewa kwa aibu kumewafanya wengi waulizwe juu ya uhalifu wasioufanya.

KWA MASHEHA NA WATUMISHI WANAOTIA SAINI

Sehemu hii ya mwisho inawahusu wale ambao hawatanunua bunduki maisha yao, lakini majina yao huonekana katika fomu za wanaonunua. Kabla ya maombi kufika katika ngazi za juu, huhitajika mtu wa karibu aseme kuwa anamjua mwombaji, tabia yake na makaazi yake.

Baada ya msiba wa Christchurch, Tume ya Kifalme ya Uchunguzi ya New Zealand ilichunguza jinsi muuaji alivyopata leseni mwaka 2017. Katika taarifa yake ya mwaka 2020, Tume iliona kuwa utaratibu wa leseni haukufuatwa inavyopaswa. Waliomdhamini walikuwa rafiki aliyefahamiana naye kwa michezo ya kompyuta, na mzazi wa rafiki huyo. Hawakuwa watu walioishi naye wala kumjua kwa undani. Fomu zilijazwa, masuali yaliulizwa, saini zikatiwa, na karatasi zote zikaonekana zimekamilika.

Jambo hilo lingeweza kutokea popote. Sheha huombwa saini na jirani anayemheshimu. Mkuu wa ofisi huombwa barua na mtumishi aliyefanya naye kazi miaka mingi. Ni tabu kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba humjui vya kutosha, au kwamba umesikia kelele za ugomvi nyumbani kwake, au kwamba tangu afiwe na mwanawe hayuko katika hali yake. Lakini fomu ya silaha haiulizi kama mwombaji ni mtu mwenye heshima. Inauliza kama, siku atakapokuwa amekasirika, amelewa, amekata tamaa au ameogopa, majirani watakuwa salama.

Kwa hiyo anayeombwa saini afike nyumbani kwa mwombaji. Aonane na watu wanaoishi naye, na azungumze nao mbali naye. Aulize haja yake ni ipi, na aitazame haja hiyo kwa macho: shamba liko wapi, lina ukubwa gani, nyumba ya karibu iko umbali gani. Aulize silaha itawekwa wapi, na aoneshwe mahali penyewe. Akiona shaka, aiandike shaka yake. Asiyemjua mwombaji aseme hamjui. Kukataa kutia saini si uadui, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu amshuhudie asiyemjua.

Mwananchi anayehitaji maelezo zaidi afike kituo cha Polisi cha Wilaya yake kabla ya kufanya makubaliano yoyote na muuzaji. Anayejua kuwa ana silaha isiyo na hati, ikiwemo iliyoachwa na mzee wake, vile vile afike Polisi kutoa taarifa na kuelekezwa namna ya kuisalimisha. Asiibebe mwenyewe njiani bila ya kuwaarifu kwanza.